Chuma cha Kukwangulia Ukoko

Siku tulipoondoa matanga ya mama, mawifi zangu waliingia jikoni kugawana vyombo. Mmoja alichukua sufuria kubwa, mwingine akachukua kinu, na palitokea mabishano madogo kuhusu beseni la bati ambalo mimi sikuona lina nini cha kubishaniwa. Waliponiuliza mimi, binti mkubwa, nataka nini, nikasema nipeni kile chuma cha kukwangulia ukoko. Wakacheka. Wifi yangu mdogo akasema, “Dada, kusoma kwingi nako ni ugonjwa.” Nilikuwa sijalala vizuri siku nne, mgongo ulikuwa unaniuma, na nimefika umri wa kuyaacha maneno yapite yaende zake.

Chuma chenyewe ni kipande bapa, kinajaa kiganja na kuzidi kidogo, kina tundu refu katikati. Mama alikikwangulia masufuria ya ugali tangu nikiwa msichana. Nilikipeleka nje, nikakisugua kwa jivu na maji mpaka weusi wa moshi ukaanza kutoka, kisha nikakisogeza puani. Najua chuma hakitunzi harufu ya mti kwa miaka yote hiyo. Lakini niliisikia harufu ya mtarakwa, ule mti mwekundu wa milimani ambao ukiupasua unanuka kama penseli iliyochongwa sasa hivi, nikamwona baba ameinama kwenye meza yake ya kazi, nyonga moja juu, nyonga moja chini. Nikakaa pale pale kwenye jiwe la kufulia. Mawifi walidhani nalia kwa ajili ya mama.

Baba alikuwa seremala. Alijifunza kwa mafundi wa misheni akiwa kijana, na kabla sijazaliwa alikuwa ametengeneza milango ya watu wengi wa upande wetu wa Nambis. Kisha akaanguka kutoka juu ya paa la kanisa akipigilia kenchi, na nyonga yake ya kulia haikurudi mahali pake. Mimi nilimjua akiwa hivyo tu. Alitembea akiegemea upande mmoja, kama mtu aliyebeba ndoo ya maji. Nilipokuwa mdogo sana nilidhani baba wote hutembea hivyo, na wale wanaotembea wima wana haraka.

Nilikuwa na miaka kama tisa tulipohamia kijiji cha ujamaa. Ninyi wa rika langu mnakumbuka jinsi ilivyokuwa, sina haja ya kueleza sana. Nyumba yetu ya zamani ilikuwa imechimbiwa ubavuni mwa kilima, paa lake la udongo limeota majani, na mbuzi alikuwa akipanda juu mama anamfukuza kwa kugonga dari na mwiko. Kijijini tulikuta kamba imefungwa kwenye vigingi kutoka mwanzo wa tambarare mpaka mwisho, na kila familia ikaambiwa ijenge kwa kuifuata. Watu wazima walinung'unika. Mama alisema hajawahi kuona watu wakipangwa kama viazi. Mimi niliipenda ile kamba. Nilikuwa naenda kuitazama asubuhi, ina umande, nikifumba jicho moja kama nilivyomwona baba akifanya, na ilikuwa imenyooka mpaka inaingia kwenye ukungu.

Shuleni nako tulikuwa tunafundishwa kunyoosha. Mwalimu Mwanaidi, aliyeletwa kutoka Tanga na ambaye baridi yetu ilimfanya avae sweta mbili mpaka mchana, alituchorea mistari ubaoni kwa rula ndefu ya mti na kutuambia tumtazame mkono. Daftari lenye mstari uliopinda lilirudishwa kwa mwenyewe bila neno, na kule kukosa neno kulituuma kuliko fimbo. Mimi sikurudishiwa daftari hata mara moja. Nilikuwa na mkono, alisema. Siku moja akanipa rula fupi ya plastiki, ya kijani, niende nayo nyumbani kwa juma moja kwa sababu nilikuwa wa kwanza, na nililala nayo chini ya shavu.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Kila mwenye nguvu alitakiwa kwenye shamba la kijiji na jembe lake. Baba hakwenda. Alikuwa amepewa banda la mabati karibu na ofisi, awe fundi wa kijiji, atengeneze mipini, madawati na fremu za madirisha. Kwa nyonga ile, kulima kungemmaliza, na watu wa zamani walijua. Lakini kijiji kilikuwa na watu waliotoka vilima mbalimbali, hawakumjua, na walichokiona ni mwanamume anayeshinda kivulini wakati wao jua linawachoma. Minong'ono ikaanza. Nilimsikia mama wa rafiki yangu akisema kisimani kwamba kijiji kizuri hakikosi kupe. Nilirudi nyumbani nikamwomba baba avue shati nimtafute kupe mgongoni, kama tulivyowatafuta ng'ombe. Baba alivua. Nilimkagua mgongo mzima, nikamwambia hana. Akasema, “Ahsante, mama. Uwaambie.”

Maneno yakafika kwenye kamati. Katibu wa kijiji, kijana mpole aliyetoka mkoa mwingine na aliyekuwa anajitahidi sana kujifunza salamu zetu, alikuja bandani mwenyewe. Mimi nilikuwa pale naokota maranda ya kuwashia moto.

“Shikamoo, Ndugu Fundi,” akasema.

“Marahaba.”

“Kamati imekaa. Watu wanasema. Mimi si kwamba sikuamini, lakini watu wanasema.”

“Wanasemaje?”

“Kwamba wewe si fundi, ni mgonjwa. Na mgonjwa akae kwao, asikae kwenye banda la kijiji.” Akatazama chini. “Wageni wa wilaya wanakuja Jumamosi ya juma lijalo. Tengeneza meza ya ofisi, Ndugu. Kubwa. Iwe laini, mtu aweke karatasi moja tu na aandike. Ikiwa hivyo, nakuandika fundi na maneno yanaisha.”

“Na isipokuwa hivyo?”

“Unakuja shambani na wenzako.”

Baba akasema sawa. Alipoondoka yule kijana, baba alikaa kwenye gogo akatazama mbao zake za mtarakwa kwa muda mrefu. Alikuwa na mbao nne nzuri alizozitunza tangu mlimani. Nadhani alikuwa amezitunzia kitu kingine, pengine kitanda, pengine jeneza lake, sikuwahi kujua.

Kuanzia siku ile nilikwenda bandani kila nilipotoka shule. Kuna mambo mawili niliyokuwa nayaona pale, na yote mawili niliyaelewa vibaya.

La kwanza ni hili. Baba alipiga randa, akapiga, halafu ghafla akaacha, akainama, akalaza sikio lake juu ya ubao na kufumba macho. Alikaa hivyo kwa muda, mikono imening'inia. Nilidhani anasikiliza. Nilidhani mbao huwa zinasema kitu kwa fundi, kwamba hapa bado, hapa tayari, na fundi asiyejua kusikiliza hutoa milango mibovu. Mara moja nikamwuliza, “Baba, inasemaje?”

Akajibu bila kufumbua macho. “Inasema tusubiri kidogo.”

Basi nami nikawa nalaza sikio upande wangu wa ubao, tunasubiri pamoja. Ubao ulikuwa wa baridi na unanukia. Mimi sikusikia kitu, nikadhani ni kwa sababu ya udogo.

La pili ni lile la kunoa. Randa ni mti uliotobolewa na kisu cha chuma kimeshindiliwa ndani yake kwa kabari, na kisu hicho lazima kinolewe mara kwa mara. Baba alikuwa na kinoo kidogo cha misheni, laini kama sabuni, amekifunga kwenye kitambaa chenye mafuta ya nyonyo. Alikitoa kisu, akakisugua juu ya kinoo, na nikaona kwamba hakukikandamiza sawasawa. Kidole chake kilikaa kona ya kushoto, akasugua mara chache, kisha kikahamia kona ya kulia, akasugua tena, na katikati akapitisha kidogo tu. Halafu akakiinua kwenye mwanga wa mlangoni, akafumba jicho moja, akaridhika.

Mimi sikuridhika. Nilikuwa nimeona jinsi anavyosimama. Nikajiambia: nyonga. Nyonga inamvuta upande, mkono unafuata nyonga, na kisu kinafuata mkono. Baba ananoa kisu upogo na hajui.

Siku moja alipotoka kwenda haja nilikimbilia randa, nikaweka rula yangu ya kijani juu ya makali ya kisu, nikainua kwenye mwanga. Rula iligusa katikati. Pembeni, kulia na kushoto, kulikuwa na mwanga umepita, mwembamba kama unyasi. Nilirudisha kila kitu haraka, na kwa siku mbili nilibeba aibu ya baba yangu kama yangu. Wageni wangekuja. Mwalimu angekuja. Meza ingetengenezwa kwa kisu kilichopinda, na mtu yeyote mwenye rula angejua.

Alhamisi baba alikwenda zahanati kuchomwa sindano ya maumivu. Kwenda na kurudi kwa miguu, kwa mwendo wake, ilikuwa siku nzima. Mama alikuwa shambani. Shule ilitutoa mapema tukaokote kuni. Mimi sikwenda kuokota kuni. Nilitoa kisu kwenye randa, nikagonga kabari kama nilivyomwona akigonga, nikateremka nacho mtoni. Pale kulikuwa na jiwe kubwa la kukwaruza ambalo wanaume walinolea mapanga na majembe, na baba mwenyewe alikuwa hafiki tena kwa sababu ya mteremko.

Sijawahi kufanya kazi yoyote kwa mapenzi kama ile. Nilikandamiza katikati, katikati tu, nikasugua. Nikapima kwa rula. Mwanga bado. Nikasugua. Maji yalikuwa ya baridi yakanitia ganzi vidole, ndiyo maana sikusikia vilipochubuka, niliona tu maji yamebadilika rangi. Nikapima, nikasugua, nikapima. Jua lilipoinama, niliweka rula juu ya makali nikainua, na mwanga haukupita popote, kuanzia kona mpaka kona. Nilipanda kilima mbio. Nilikipitisha kwenye kinoo laini kama anavyofanya yeye, nikakipaka mafuta, nikakirudisha, nikagonga kabari. Usiniulize kama niliwaza kumwambia. Zawadi haitangazwi.

Ijumaa sikwenda shule. Nilisema tumbo, na mama hakuwa na nguvu ya kubishana. Nilikuwa bandani kabla ya baba, naruka ruka kwa kumsubiri. Alikuja, akashika randa, akatoa kisu, akakiinua mlangoni kama kawaida yake. Alikitazama. Akakigeuza, akakitazama tena. Kisha akatazama mikono yangu.

“Vidole vimefanya nini?”

“Kuni, baba.”

“Kuni,” akasema.

Akatoka nje na kisu mkononi, akaenda nyumbani, maana haikuwa mbali, akarudi baada ya muda. Akakiweka kwenye randa, akagonga kabari taratibu, akaanza kupiga uso wa meza. Maranda yalitoka mapana, unene mmoja kutoka ukingo mpaka ukingo, si kama yale ya zamani yaliyokuwa yanakwisha pembeni kama karatasi ya sigara. Nilijaa furaha mpaka nikashindwa kusimama mahali pamoja. Nilimwambia, “Baba, leo inakata vizuri!”

“Inakata,” akasema.

Alipiga mpaka adhuhuri. Kisha akapitisha kiganja juu ya meza. Nami nikapitisha. Nilihisi mistari, ngazi ndogo ndogo zinazofuatana urefu wote, kama shamba lililopitiwa na plau. Nilimwangalia. Nilidhani ndivyo meza inavyokuwa kabla haijaisha. Msasa ulikuwa haupatikani, kama sukari na sabuni zilivyokuwa hazipatikani, basi akavunja chupa akaanza kukwangua mistari ile kwa kigae. Alikwangua mpaka mkono ukakataa. Akalaza sikio juu ya ubao, na safari hii alikaa muda mrefu sana, mpaka nikamwuliza tena inasemaje, na hakunijibu. Nikaendelea kukwangua mimi kwa kigae kingine upande wa pili, na mistari ilipungua lakini haikuisha.

Jumamosi meza ilibebwa na watu wanne mpaka ofisini. Kwa kutazama ilikuwa nzuri, nyekundu, inanukia hadi nje, na wageni wa wilaya waliisifu. Baba alikuwa amesimama ukutani amevaa koti lake la kanisani. Mimi nilikuwa mlangoni na watoto wengine. Katibu akaketi, akaweka karatasi moja, akachukua kalamu aandike majina ya waliohudhuria. Kalamu ikaruka. Akaisogeza, akaandika tena, na ncha ikaingia kwenye mfereji, karatasi ikatoboka. Sauti ile ya karatasi kutoboka niliisikia mlangoni nilipokuwa.

Hakuna aliyecheka. Katibu alipitisha kiganja juu ya meza, polepole, kama tulivyofanya sisi jana yake.

“Ndugu Fundi,” akasema, “ina matuta.”

“Ni macho, Ndugu Katibu,” baba akajibu. “Macho yangu yamechoka.”

“Tukupe siku nyingine?”

Nilimtazama baba aseme ndiyo. Wazee wawili wa kamati walikuwa wananong'onezana. Baba alitazama meza, akatazama mlangoni tulipokuwa tumesongamana, akasema, “Hapana. Andika tu.”

Tukarudi nyumbani, yeye na mimi, kwa kufuata mstari wa nyumba. Nilikuwa na hasira na yule Katibu kiasi kwamba nilitaka kumrushia jiwe. Nilijua kwamba meza imekataliwa kwa uonevu, au kwa kalamu mbovu. Nilitaka baba ajue angalau kitu kimoja kilikuwa sawa. Nikamwuliza, kwa mzunguko wa kitoto, “Baba, lakini kisu kilikuwa sawa?”

Akatembea hatua kadhaa. “Kilikuwa kimenyooka sana,” akasema.

Nilichukua maneno yale kama sifa, nikayatunza. Niliyatunza miaka mingi.

Jumatatu alikwenda shambani na jembe. Walimweka mwisho wa mstari, na wanawake. Alilima akiegemea, anapumzika juu ya mpini, analima. Hakuna aliyemwita kupe tena, nasikia walimsifu sana. Alilima misimu mitatu. Katika msimu wa tatu akawa harudi nyumbani peke yake, wanamleta wawili wamemshika makwapa, na kabla ya mavuno ya msimu ule tulimzika mlimani, karibu na nyumba ya zamani, ambako hakukuwa na kamba. Sanduku lake la vifaa liliuzwa kwa fundi mmoja wa kule Endagikot. Mama aliuza vyote isipokuwa kisu cha randa. Alikipeleka jikoni, akaanza kukwangulia ukoko. Nilimwambia ni chombo cha baba. Akaniambia, “Sasa ni cha kwangu. Kwangua sufuria.”

Mimi nilisoma, nikawa muuguzi, nikapangiwa mbali na kwetu. Ile picha ya baba akisikiliza ubao niliielewa huko. Ilikuwa baada ya zamu ndefu, wagonjwa watatu kitanda kimoja, dawa hakuna. Niliinama juu ya meza ya wodini nikaweka sikio langu juu yake nikafumba macho, na nikiwa hapo, mikono imening'inia, nikafahamu kwamba ubao haukuwahi kusema kitu. Alikuwa amechoka tu. Alikuwa amechoka na kuna mtoto anamtazama, basi akampa mtoto jibu.

La pili lilichelewa zaidi. Seremala mmoja mzee alikuja kutengeneza vitanda vya hospitali yetu, na nikapita nikamkuta ananoa. Kidole kona ya kushoto, mara chache. Kidole kona ya kulia, mara chache. Katikati kidogo. Alikuwa amesimama wima kabisa, nyonga zake nzima.

Nikasimama na trei yangu ya sindano. “Shikamoo, mzee. Mbona unakandamiza pembeni?”

“Marahaba, sista. Kisu cha randa lazima kiwe na tumbo kidogo.” Akanionyesha kwa kidole. “Kona ziwe zimekimbia. Ukikinyoosha kabisa, kona zinachimba. Unalima ubao badala ya kuulainisha.”

“Na kilichonyooshwa, kinarudi?”

“Kinarudi. Ni jiwe na mikono tu. Nusu siku.” Akacheka. “Lakini nani atakinyoosha? Ni mtu asiyejua tu.”

Sikumbuki kama niliwachoma wale wagonjwa sindano zao. Nadhani niliwachoma. Kazi ina namna yake ya kujifanya yenyewe.

Tangu siku ile nilitembea na jambo hilo ndani yangu, na sikumwambia mtu. Nilipokuwa naenda likizo, mama alipika, nikakwangua sufuria kwa kile chuma, nikamwangalia, nikashindwa. Nusu siku. Jiwe na mikono. Mikono nilikuwa nayo mimi. Baba hakuweza kuteremka mtoni, na kinoo chake laini kingechukua siku nyingi, lakini mimi ningeteremka mara kumi. Angenituma tu. Niliwaza kwamba hakujua, kwamba alipokiinua mlangoni macho yalikuwa yamechoka kweli kama alivyosema, na hilo lilinipa nafuu kidogo na kuniumiza zaidi.

Mwaka huu mama alipougua nilikwenda kumwuguza. Hakuwa na maumivu makali, alikuwa anaisha tu, kama mafuta ya taa. Mchana mmoja nilikuwa nakwangua sufuria karibu na kitanda chake, na ile sauti ya chuma ikanishinda. Nikaacha. Nikamwambia, “Mama, mimi ndiye niliyenyoosha kisu cha baba.”

Alinitazama kana kwamba nimemwambia jua hutoka mashariki, kule upande wa Babati.

“Najua,” akasema. “Naye alijua. Asubuhi ile alinifuata jikoni na kisu mkononi. Akaniambia, mtoto amekinyoosha. Nikasema mlete hapa nimchape, halafu umtume mtoni akirudishe. Akasema utamchapaje? Akakiinua mlangoni anionyeshe. Tazama, akasema, hakuna hata uwazi. Mkono anao.”

“Kwa nini hakunituma?”

“Nilimwuliza hivyo hivyo. Akasema akimtuma itabidi amwambie kwa nini. Na ana furaha, akasema, umemwona? Anaruka ruka kule.” Mama akapumzika kidogo. “Nikamwambia kesho ni wageni. Akasema atajaribu hivyo hivyo. Alidhani ataweza. Alikuwa amechoka, mwanangu, mtu aliyechoka anadhani ataweza, au hajali tena, mimi sijui. Akaniapisha nisikwambie.”

“Na wewe ukanyamaza miaka yote hii.”

“Nilikasirika,” akasema mama. “Si na wewe. Na yeye. Alinunua furaha yako ya siku moja kwa nyonga yake, mimi nikabaki na watoto watano. Kila siku niliposhika kile chuma nilimsema. Nilikuwa namwambia, haya, kwangua.” Akafumba macho. “Sasa hasira imeisha. Hata sijui iliisha lini.”

Juma la pili yake akafa.

Nimerudi kwangu na chuma changu. Jana mjukuu wangu, yuko darasa la tatu, alikuwa mezani na kazi za shule. Nikamwomba rula yake. Nilikwenda mlangoni kwenye mwanga, nikaiweka juu ya makali, au mahali palipokuwa na makali, nikainua. Sikutegemea kuona kitu. Lakini zaidi ya miaka arobaini ya kukwangua ndani ya sufuria, mviringo kwa mviringo, ilikuwa imekula kona zote mbili. Rula iligusa katikati. Kulia na kushoto mwanga ulipita, mwembamba kama unyasi.

Mjukuu akaja akasimama kando yangu, akafumba jicho moja kama mimi.

“Bibi, kimepinda,” akasema. “Nikunyooshee?”

Nikamwambia hapana. Nikamwambia akiache hivyo hivyo, arudi akamalize hesabu zake. Kisha nikakaa mezani, nikalaza kichwa kidogo, naye akaniuliza bibi unafanya nini, nikamwambia tusubiri kidogo.